Tupeane uzoefu: Kujiandaa na kupanga mizigo ya safari ya kwanza ya cheti cha kuzamia, kwa sisi tunaotoka Nairobi

Wanajamvi, hamjambo. Kaskazi inakaribia, na kila msimu huu ukifika ndugu na wafanyakazi wenzangu huniuliza maswali yaleyale kuhusu safari ya Diani, Watamu au Shimoni kwenda kutafuta cheti cha kwanza cha kuzamia. Wengi huanza na mizigo: wanunue nini, wakodi nini. Mimi huwaomba tuanze na kalenda, kwa sababu mkazi wa Nairobi ana jambo moja ambalo mwenyeji wa Mombasa halimhusu, nalo ni mlima wa kurudi nyumbani.

Kozi ya cheti hicho cha kwanza huitwa Open Water, na iwe ya PADI au ya SSI, mashirika yanayotoa vyeti vya kuzamia, ina masomo ya nadharia, mazoezi ya bwawani, na mbizi nne za baharini ambazo hazifanywi kwa siku moja. Ukifaulu unaruhusiwa kushuka hadi mita 18. Nadharia unaweza kuisoma kwenye simu ukiwa nyumbani, na mazoezi ya bwawani pia yanaweza kufanyika hapahapa Nairobi, kisha mwalimu wako akakupa fomu ya kukukabidhi kwa mwalimu wa Pwani. Kwa PADI, fomu hiyo hudumu mwaka mmoja, kwa hiyo likizo ikiahirishwa hujapoteza kitu. Anayefanya hivyo hupata siku zake zote za Pwani kwa ajili ya bahari yenyewe, na hubaki na nafasi ya kupumzika kabla ya kurudi.

Nafasi hiyo ndiyo ninayoisisitiza. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Unapovuta hewa ya mtungi chini ya maji, nitrojeni huyeyuka mwilini zaidi ya kawaida, na huhitaji saa nyingi kutoka polepole kupitia mapafu. Ukiupeleka mwili mahali penye kanieneo ndogo ya hewa kabla ya saa hizo kutimia, nitrojeni inaweza kufanya viputo kwenye viungo, damu na neva, na hapo mtu huumia vibaya. DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, linashauri kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 baada ya mbizi kadhaa au za siku mfululizo, kabla ya kupanda ndege. Wengi wetu husikia neno ndege na kudhani kuwa anayerudi kwa basi au treni hahusiki. Anahusika. Ushauri huo unagusa miinuko ya kuanzia takriban mita 600 hadi 2,400, na Nairobi imo humo. Mwenye shaka na afunge vizuri chupa tupu ya maji akiwa stesheni ya treni ya Syokimau, Nairobi, kisha aitazame akishuka Miritini, Mombasa: ataikuta imebonyea pande zote kwa uzito wa hewa ya Pwani. Safari ya kurudi hubadili kanieneo kwa kiasi hichohicho, kuelekea upande wa pili, nawe ukiwa na nitrojeni mwilini.

Karibuni mueleze mlivyojiandaa nyinyi.

Mwanachama wa Kasarani

Ahsante ndugu mwanzilishi. Mimi nilijifunza kuogelea ukubwani, kwa hiyo maandalizi yangu makubwa yalikuwa bwawani. Kozi inadai uogelee mita 200 mfululizo kwa mtindo wowote, bila kupimwa muda, kisha uelee dakika 10. Sikukimbilia kasi. Nilifanya mazoezi ya kwenda polepole na kupumua kwa utulivu, na utulivu huohuo ulinifaa baadaye nilipofundishwa kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena.

Miwani ya kuzamia ndiyo kifaa pekee ninachomshauri mgeni anunue mapema. Iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, kisha achia mkono. Ikishika bila kuanguka, inakufaa. Halafu msikimbie nayo baharini ikiwa mpya. Kioo cha ndani hutoka kiwandani na utando mwembamba usioonekana, na utando huo hufanya kioo kishike ukungu hata ukitema mate namna gani. Pakeni dawa ya meno nyeupe ya kawaida ndani ya kioo, msugue kwa kidole taratibu kwa duara, suuzeni, kisha mrudie tena na tena mpaka maji yatandae kwenye kioo bila kujikusanya matone. Wenye masharubu marefu wayapunguze chini ya pua, maana maji huingilia hapo. Regyuleta (kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi), koti la kuelea, mtungi na mapezi nilikodi kituoni, na sikuona sababu ya kuvinunua kabla ya kujua kama mchezo huu nitauendeleza.

Dada wa South C

Nashukuru kwa uzi huu. Naandika kwa ajili ya akina dada, hasa wanaojisitiri. Vazi la kuogelea linalofunika mwili mzima huvaliwa vizuri chini ya wetisuti (vazi la mpira la kuzamia linalotunza joto), mradi kitambaa kiwe chepesi na kisijikunje kiunoni, na kofia ya mpira ya wazamiaji husitiri nywele na shingo bila shida yoyote. Nilipiga simu kituoni kabla ya kulipa, nikauliza kama kuna mwalimu wa kike na kama wana wetisuti ya kimo changu, nikajibiwa kwa heshima. Ulizeni mapema, mambo haya hayafai kujadiliwa ukiwa umeshasimama kando ya mashua.

Kuhusu nywele, nilisuka mistari myembamba iliyolala kichwani, ikielekea nyuma na kuishia chini kabisa kisogoni. Rasta nene au fundo la juu huuzuia mkanda wa miwani kukaa mahali pake, na unywele mmoja tu ukiingia chini ya ukingo wa mpira wa miwani pale kwenye paji la uso, maji yatavuja mbizi nzima. Bebeni pia mafuta ya nywele ya kutosha, kwani chumvi haina huruma.

Muuguzi, Umoja

Mwanzilishi amenena vyema kuhusu mwinuko, nami naongeza ya afya. Kabla ya mazoezi yoyote utajaza fomu ya maswali ya afya. Ichukueni mapema mkiwa bado Nairobi, kwa sababu jibu la "ndiyo" kwenye pumu, kifafa, moyo, upasuaji wa sikio na mengineyo laweza kukulazimu kupata sahihi ya daktari, na kumtafuta daktari Ukunda siku ya kwanza ya kozi ni kupoteza siku. Msifiche kitu. Mjamzito asizame kabisa.

Masikio yanahitaji mafunzo. Ukifika mita 10, kanieneo ni maradufu ya ile ya juu ya maji, na badiliko kubwa zaidi liko katika mita chache za mwanzo. Bana pua, puliza taratibu, anza kabla ya kusikia maumivu na uendelee kila unaposhuka kidogo. Mwenye mafua asizame. Dawa ya kuzibua pua inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa ikanaswa ndani ya sikio au katika uwazi wa mifupa ya uso wakati wa kupanda. Sisi wa Nairobi tuna mafua ya baridi ya Julai, kwa hivyo anayesafiri miezi hiyo aweke siku ya akiba.

Pwani kuna malaria. Mwambie daktari waziwazi kwamba unakwenda kuzamia, kwa sababu mefloquine, mojawapo ya dawa za kinga ya malaria, haiwafai wazamiaji: kizunguzungu na wasiwasi inavyoweza kuleta vinafanana na dalili za ajali ya kuzamia. Doxycycline, dawa nyingine ya kinga, nayo huifanya ngozi iungue jua kwa urahisi, basi anayepewa hiyo abebe fulana ya mikono mirefu. Kwa kichefuchefu cha mashua, tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Anayetaka vidonge avijaribu kwanza akiwa nyumbani aone kama vinamletea usingizi.

Mama wa Lang'ata

Naomba kuongeza kuhusu watoto. Umri wa chini wa kozi hii ni miaka 10, na cheti huwa cha vijana mpaka wafikishe miaka 15. Wa miaka 10 na 11 hawaruhusiwi kupita mita 12. Binti yangu alisoma nadharia pamoja nami mezani jioni, sura moja kwa wakati, na tuliulizana maswali mpaka akawa ananisahihisha. Mbebeeni mtoto wetisuti inayombana sawasawa. Maji ya kaskazi ni ya uvuguvugu, lakini mwili mdogo hupoteza joto haraka.

Mwanachama wa Embakasi

Kwa ufupi: beba kitambulisho chako cha taifa, kwani hifadhi za bahari zina ada ya raia na malipo ni ya mtandaoni kupitia eCitizen. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na tangu Juni 2020 chupa za maji za kutumiwa mara moja haziruhusiwi kwenye fuo na hifadhi zilizolindwa, kwa hiyo beba chupa ya chuma na mfuko usioingiza maji. Angalia pia mwezi. Wavuvi watakwambia kuwa wakati wa maji mafu (mwezi ukiwa nusu, bahari ikipanda na kushuka kidogo) mkondo hupungua, na mgeni hujifunza kwa raha kuliko wakati wa bamvua (mwezi mpevu au mwandamo, bahari ikipanda na kushuka sana).

Mwanachama wa Rongai

Wakuu, nimesoma yote kwa makini. Mbizi yangu ya mwisho imepangwa Jumamosi, na tutatoka majini saa tano asubuhi. Nina tiketi ya treni ya saa nne usiku siku hiyohiyo. Je, nitakuwa salama?

Mwanzilishi

Ndugu yangu, tuhesabu pamoja. Kutoka saa tano asubuhi hadi saa nne usiku ni saa 11 tu. Utakuwa umezama siku mfululizo, kwa hiyo kipimo chako ni saa 18, ambazo hazitimii mpaka saa kumi na moja alfajiri, na kufikia wakati huo treni itakuwa imeshakupandisha. Badilisha tiketi iwe ya Jumapili alasiri. Hapo utapata hata asubuhi ya kujaza daftari lako la mbizi, kupata sahihi ya mwalimu na kuanika vazi likauke kabla ya kulifunga kwenye begi. Kama nafasi za Jumapili zimejaa, mpigie mwalimu leo umwombe mbizi za mwisho zifanyike Ijumaa asubuhi, nawe uanze kozi siku moja mapema. Kilichobaki ni wewe kutujulisha hapa ulichoamua, ili tukusaidie kupanga siku zilizosalia.