Chatboti, mshauri au kikundi: kipi kimekusaidia kuacha pombe au dawa za kulevya?

Mja_Salama: Habari zenu. Nina siku 41 bila pombe. Kiu ikinishika saa nane za usiku, naona haya kumwamsha kila mara mdhamini wangu wa kikundini, yule aliyeacha kabla yangu na kunishika mkono. Nimejaribu chatboti mbili, yaani programu za simu unazochati nazo: moja unabonyeza majibu yaliyopangwa, nyingine ya akili unde, unaandika utakacho. Ninyi mnashika ipi?

Dada_Tumu: Hongera sana! Ile ya kubonyeza inachosha, lakini haijawahi kunidanganya. Umekula? Umelala? Uko na nani? Halafu inakwambia usubiri dakika ishirini, na kweli kiu hupanda ikashuka. Ya akili unde ni tamu kuongea nayo, na hapo ndipo iliponiponza. Niliiandikia "glasi moja tu, ni sherehe," ikaniitikia kwa upole mpaka nikajiona nina haki. Mdhamini wangu angenikatiza palepale.

Muuguzi_wa_Zamu: Jamani, hili nawaomba mlishike. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla kwa kuongozwa na simu. Degedege huweza kuanza kati ya saa 6 na 48 tangu glasi ya mwisho, kisha siku ya pili au ya tatu mtu akaweweseka na kuona visivyokuwepo. Inaua. Nilimpokea mmoja aliyeiandikia chatboti "natetemeka kidogo", ikamfundisha kuvuta pumzi. Nilipompa maji alikishika kikombe kwa mikono miwili, na bado yakamwagikia shuka. Simu haioni mikono. Wanaotumia diazepam, dawa ya kutuliza, kwa muda mrefu, vivyo hivyo: dozi hupunguzwa taratibu na daktari.

Kijana_Rudi: Mimi nilikuwa wa heroini, sasa niko kwenye methadoni, dawa ya hospitali inayochukua nafasi yake. Niliporudia kutumia, chatboti ndiyo niliyoiambia kwanza, maana mama nilishindwa kumtazama usoni. Kwa mambo ya aibu, chatboti imewashinda watu wote. Ila haiwezi kukupa naloksoni, dawa ya kukuokoa ukizidisha dozi ya heroini. Na ukishakaa muda bila kutumia, dozi ya zamani inaweza kukuua.

Dada_Tumu: Tena hizi programu huondoka. Woebot, chatboti ya afya ya akili, ilianza 2017, ikafungwa Juni 2025. Namba ya mtu iwepo pembeni.

Mja_Salama: Ahsanteni. Usiku nitabaki na ya kubonyeza. Muuguzi, baba yangu mdogo anakunywa kila siku, na amepanga kuacha Jumatatu, yeye na simu yake tu. Nampigia sasa hivi.