Kundi la Familia: Idrisa anataka kuingia rizevu

Idrisa (Dallas): Shikamooni wazee wangu. Nina jambo nataka mlijue mapema. Nataka kuingia jeshi la akiba la Marekani, rizevu, linisaidie ada. Agosti natakiwa kuanza chuo kikuu uhandisi wa ujenzi. Rikruta, yule askari anayeandikisha watu, anasema ni wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka basi

Mama Idrisa: Marahaba. Jeshi gani tena mwanangu?? Si ulienda kusoma

Mama Idrisa: Na hivyo vita vyao kila siku tunaviona kwenye TV

Baba Rehema (Dar): Shemeji tulia kwanza tumsikilize. Sisi tulipita JKT Ruvu kwa mujibu wa sheria kabla ya chuo, ukimaliza umemaliza unaenda zako Mlimani kusoma. Hii ya kusoma huku jeshi linakudai sijaielewa. Rehema uko wapi, wewe ndo uko ndani ya hiyo rizevu

Rehema (Houston): Shikamoo baba, shikamoo mamdogo. Ndo natoka maabara. Idrisa usisaini kitu wiki hii

Rehema (Houston): Wikiendi yenyewe utaizoea. Ijumaa natoka darasani begi liko kwenye gari, Jumamosi kutwa tunakagua mitambo, greda, buldoza, unapima oili unaangalia mipira ya haidroliki kama inavuja unajaza fomu, usiku wenzangu wamelala mi niko kwenye kitanda cha turubai na taa ya kichwani nachora nguvu zinazokandamiza boriti maana J3 asubuhi kuna mtihani na profesa hana habari na greda

Rehema (Houston): Kinachotuumiza sisi wa uhandisi ni masomo kufungana. Husomi uimara wa vifaa kama hujamaliza statiki, ile ya nguvu kwenye vitu vilivyotulia, husomi uchambuzi wa miundo kama hujamaliza uimara wa vifaa, na zege ya nondo na chuma zinasubiri huko nyuma. Halafu vyuo vingi haya ya juu wanafundisha mara moja tu kwa mwaka. Sasa mwenzako wa biashara akiitwa katikati ya semista kapoteza semista, wewe kwa somo moja tu unaweza kupoteza mwaka mzima. Rikruta hatakwambia hilo, sio mtu mbaya, hajui tu

Idrisa (Dallas): Kwahiyo nisiende da Rehema?

Rehema (Houston): Nenda lkn nenda KABLA hujaanza hayo masomo. Mafunzo ya mwanzo ni wiki 10, ukitoka hapo unapelekwa shule ya kazi yako, ukichukua ya kuendesha mitambo ya ujenzi ni Fort Leonard Wood kule Missouri. Omba chuo wakuhifadhie nafasi yako kwa maandishi, uingie ukiwa umeshamaliza mafunzo yote. Na kazi uichague wewe, iandikwe kwenye mkataba, ya mdomoni usiipokee

Baba Rehema (Dar): Na hela je, tuseme ukweli

Rehema (Houston): Ipo baba ila sio kama watu wanavyosimulia. Ukisaini miaka 6 kuna posho ya kila mwezi ukiwa unasoma, jumla miezi 36, nayo haitoshi hata kodi ya chumba. Kuna na msaada wa ada, dola 250 kwa krediti, yaani kile kipimo cha uzito wa somo, una kikomo kwa mwaka, unaombwa kabla darasa halijaanza, ukichelewa imekula kwako. Ile GI Bill kubwa, mpango wa serikali wa kusomesha askari, inayolipa ada yote ni ya waliokaa jeshini muda wote au walioitwa kazini muda mrefu, wikiendi hazikupi. Idrisa uliza pia National Guard ya Texas, jeshi la akiba la jimbo, hao wako chini ya gavana, na majimbo mengi yana msaada wao wa ada kando

Rehema (Houston): Na mkataba wote ni miaka 8 sio 6. Hiyo 2 ya mwisho huendi drili, yale mazoezi ya wikiendi, lkn jina lako liko kwenye orodha wanaweza kukuita

Mama Idrisa: Wakuite wapi?

Rehema (Houston): Mamdogo sikufichi, nje ya nchi, miezi 9 au hata mwaka. Wengine wanamaliza mkataba hawajatoka Marekani, wengine wanaenda. Sheria ya 2008 inakibana chuo kimpokee tena akirudi, na kazi ya kiraia hawamfukuzi kwa sababu ya jeshi. Lkn kalkulasi aliyoiacha mwaka mzima hakuna sheria itakayomkumbusha, ataianza upya usiku akiwa peke yake

Mama Idrisa: Nimekuelewa mwanangu. Moyo wangu bado mzito

Baba Rehema (Dar): Na uraia? Nasikia wanawapa

Rehema (Houston): Mwenye grini kadi anaingia askari wa kawaida, uafisa mpaka awe raia. Akiwa ndani anaomba uraia halipi ada. Ila kwetu mtu mzima hana uraia pacha, akiapa huku wa Tanzania unaondoka, na asiye raia hamiliki ardhi kwetu kama raia, kwahiyo habari ya kurithi shamba la Muheza iongelewe sasa hivi tusingoje msiba

Idrisa (Dallas): Hilo hata sikuliwaza kabisa aisee

Rehema (Houston): Na ukishaingia, ratiba ya drili inatoka ya mwaka mzima, mwaka wao unaanza Oktoba 1. Wiki ya kwanza ya semista mpelekee kila profesa ana kwa ana, usikose labu ndo uanze kutuma imeili. Zile wiki za kiangazi nazo zinagongana na intanshipu, waambie kampuni siku ya usaili. Sasa tuma humu chati ya masomo ya chuo na karatasi ya rikruta, J2 tupige simu ya pamoja, saa 3 asubuhi huku, kwenu saa 11 jioni

Idrisa (Dallas): Natuma sasa hivi

Mama Idrisa: Nitakuwepo. Na mimi nina maswali yangu kwa huyo rikruta, Rehema utayaandika kwa kizungu ayajibu moja moja