Raba inapwaya kisigino, nikikaza kamba mguu unakufa ganzi. Nifanyeje?

mbio_za_jioni: Wakuu habari zenu. Mwenzenu nina miezi mitatu tangu nianze kukimbia, natoka Kinondoni mpaka Coco Beach na kurudi, jumamosi nikijisikia navuka na Daraja la Tanzanite. Raba nimeokota mitumba Karume, soli bado ina uhai kabisa, shida kisigino kinachomoka kila hatua basi mimi nakaza kamba weee, nikifika kilomita ya nne juu ya mguu panawaka moto na vidole vinakufa ganzi, nikilegeza kisigino kinacheza tena napata lengelenge. Na kucha ya dole gumba imeshaanza kuwa nyeusi. Ninunue nyingine au kuna namna? Mshahara bado mbali.

Babu Pesi: Mkuu tulia usinunue. Cheki juu kabisa karibu na kifundo kuna tundu la ziada limekaa nyuma kidogo, wengi tunadhani urembo lile. Kamba ikitoka tundu la chini yake usiivushe, iingize kwenye hilo tundu la ziada upande uleule uache kitanzi kidogo, kulia na kushoto. Halafu ncha ya kulia ipite kwenye kitanzi cha kushoto, ya kushoto cha kulia, vuta kushuka chini ndo ufunge. Huko kwenye vidole sasa legeza.

dada wa Kimara: Babu kasema kweli ila ganzi inaweza isiishe. Mie mguu wangu umenyanyuka juu kama daraja nilikuwa nalia, nikaonyeshwa kwamba pale panapouma kamba isikatize, ipande wima tu tundu linalofuata upande uleule kisha uendelee kukatiza kama kawaida. Panabaki kadirisha. Na mguu unavimba ukikimbia, joto letu hili ndo usiseme, usifunge kama unafunga gunia la mkaa

Size 43: Mnampamba tu, kamba haigeuzi size. Kucha nyeusi maana yake dole linagonga mbele, ama raba fupi ama mguu unateleza. Simama, kati ya dole na ncha ya raba inatakiwa upana wa dole gumba la mkono, isipokuwepo rudisha Karume

mbio_za_jioni: Mrejesho wakuu. Nafasi ya dole ipo, kumbe nilikuwa nateleza. Lile tundu nimelitumia, kamba ikawa fupi nikanunua ndefu buku tu, leo kilomita nane kisigino kimetulia kabisa. Ganzi mguu wa kulia imebaki kidogo, kesho naweka kadirisha ka dada.

Size 43: Hiyo kucha inaweza kudondoka lakini, usije kushtuka

mbio_za_jioni: 😭