Lua ndani ya programu ya C inavuja memori: Valgrind, ASan au alokeita yako mwenyewe?

mwanagenzi_c
Wakuu, habari zenu. Nina seva ya C inayoendesha skripti za Lua 5.4. Memori inapanda taratibu na haishuki. Valgrind (zana ya kukagua memori ya programu) inasema hakuna kilichopotea. Nihamie ASan (AddressSanitizer, kikagua memori kinachowekwa wakati wa kukompaili), au niandike alokeita yangu (funksheni inayogawa na kuachia memori)?

bomba_kuu
Valgrind haijakudanganya, mkuu. Inatafuta memori iliyobaki bila mwenyewe programu inapofungwa. Wewe mwishoni unaita `lua_close`, ambayo inaachia kila kitu cha Lua, basi ushahidi wote unafutika kabla ya ripoti. LeakSanitizer (kitafuta uvujaji) iliyomo kwenye ASan itakwama palepale. Nafuu yake ni kasi tu: ASan hupunguza mwendo kama mara 2, Valgrind mara 10 na zaidi.

chura_wa_terminali
Kabla ya zana yoyote, andika kwenye logi `collectgarbage("count")` (memori inayotumiwa na Lua, kwa kilobaiti) pamoja na RSS (RAM inayotumiwa na programu nzima). Count ikitulia huku RSS inapanda, shuku malloc yako ndani ya userdata (kitu cha C kilichokabidhiwa Lua) isiyo na `__gc` (kimalizio kinachoitwa kitu kikikusanywa), na hapo ASan inafaa sana. Zikipanda zote, kuna kitu Lua bado imekishikilia. Na ukitaka kupima, ita `collectgarbage()` (inayoendesha kikusanya taka) mara 2, maana chenye `__gc` huitiwa kwanza kimalizio chake, memori yenyewe huachiwa mzunguko unaofuata.

mwanagenzi_c
Zinapanda zote.

mama_pointa
Basi alokeita, mwanangu. `lua_newstate` inapokea funksheni yako. Kati ya vigezo vyake, `ptr` (bloku ya zamani) ikija NULL, `osize` (ukubwa wake wa zamani) si ukubwa tena, inakuambia aina ya kitu kinachoundwa: `LUA_TTABLE`, `LUA_TFUNCTION` na kadhalika. Weka aina hiyo kwenye kichwa cha bloku, ili ikiachiwa ujue unapunguza hesabu ipi. Ni kazi ya mchana mmoja.

Ila itakuonyesha kinachoongezeka tu, haitakutajia anayekishika. Kwa hilo fungua rejista, jedwali ambamo C huhifadhi vitu vya Lua. Mimi huanza na mstari kama huu:

`mteja->cb = luaL_ref(L, LUA_REGISTRYINDEX);`

`luaL_ref` inaweka kolubeki (funksheni ya Lua ya kuitwa baadaye) kwenye rejista, `luaL_unref` inaiondoa. Mteja akiondoka bila `luaL_unref`, kolubeki inabaki, na kila jedwali inalolishika linabaki nayo.

mwanagenzi_c
Hesabu imetoka: funksheni zinaongezeka kila mteja anapounganishwa, hazipungui akiondoka. `luaL_unref` ipo kwenye njia ya kuaga vizuri, ila muunganisho ukikatika ghafla msimbo unapita njia nyingine isiyo nayo.

kobe_5.1
Si uziweke kolubeki kwenye jedwali dhaifu (lisilozuia thamani zake kukusanywa), `__mode = "v"`? Zitajiondoa zenyewe.

mama_pointa
Zitajiondoa hata mteja akiwa bado yupo! Ukiandika `function() ... end` papo hapo na hakuna mwingine anayeishika, kikusanya taka kinaibeba kabla hujaiita. Peleka `luaL_unref` kwenye funksheni moja ya kumfuta mteja, njia zote mbili zipitie hapo.