London–Amsterdam: mlango hadi mlango ni muda gani hasa?

Rehema, Leicester
Habari zenu wadau. Tiketi ya Heathrow–Schiphol inasema kuondoka 08:00, kufika 10:20. Ya kurudi ni kuondoka 18:00, kufika 18:20. Mbona kwenda ni zaidi ya saa mbili na kurudi dakika ishirini? Na treni je, inaokoa muda?

Athumani, Utrecht
Dada Rehema, tiketi huandika saa za mahali. Uholanzi iko mbele ya Uingereza kwa saa moja mwaka mzima, maana wote hubadili saa Jumapili ileile, ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kwenda toa saa moja, kurudi ongeza: zote zinakuja dakika 80.

Dakika hizo zinahesabiwa tangu ndege inapoachia maegesho huku hadi inapoegeshwa kule. Angani penyewe ni kama dakika 45 hadi 50, kwa sababu viwanja hivi vimeachana karibu kilomita 370 tu, pungufu kidogo ya Dar–Dodoma kwa mstari ulionyooka. Muda uliobaki unaliwa ardhini. Ikitua Polderbaan, ile njia ya kurukia iliyo mbali kuliko zote, itatambaa dakika 10 hadi 20, ivuke hadi juu ya barabara kuu huku magari yanapita chini. Msisimame kutoa mabegi, bado sana.

Ukishatoka, shuka ngazi ukapande treni, stesheni iko chini ya uwanja. Amsterdam Centraal ni kama dakika 15.

Bi Zuhura, Ilford
Nyongeza kwa anayepigia hesabu treni. Eurostar, treni ya moja kwa moja kutoka stesheni ya St Pancras, London, ni takriban saa nne. Milango hufungwa dakika 30 kabla, na wenye pasi zetu za Afrika Mashariki wafike mapema zaidi, foleni ya ukaguzi haina huruma. Pasi inakaguliwa na Wafaransa hapohapo London, kwa hiyo Amsterdam unashuka na kwenda zako. Kwa ndege jumlisha: kwenda Heathrow, kuwahi saa mbili kabla, dakika 80, foleni ya pasi Schiphol, treni ya mjini. Inafika saa tano na ushee, sawa na treni. Ndege inashinda kwa bei tu, tena kama huna begi la kulipia.

Kinachokwamisha watu si umbali, ni viza. Kibali cha kuishi Uingereza hakimwingizi Mtanzania wala Mkenya Uholanzi, lazima viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Ni yuro 90 kwa mtu mzima, na ombi lipelekwe si chini ya siku 15 kabla ya safari. Mwenye kibali cha Uholanzi naye anahitaji viza ya Uingereza. Shirika halikupandishi bila hiyo, na nauli ya bei nafuu kwa kawaida hairudi.

Rehema
Ahsanteni. Na sambusa za nyama za kumpelekea wifi?

Athumani
Nyama na maziwa kutoka Uingereza haviingii, hata kipande kimoja, forodha wanatupa. Samaki wakavu ruksa, mpaka kilo 20. Sambusa mkakaangie huku.