Mjadala: Mpiga gitaa akiacha bendi na kuwa fundi saa, amewakosea mashabiki?

Mleta hoja: Ndugu wachangiaji, naomba tulitazame suala hili kupitia kwa Dan Spitz, Mmarekani aliyepiga gitaa la solo katika bendi ya hevi metali ya Anthrax kuanzia 1983 hadi 1995, kisha akaliweka gitaa chini na kusomea ufundi wa saa zisizotumia betri, masomo yaliyomfikisha hadi Uswisi. Wapo wanaoona kwamba mtu aliyeshiriki kurekodi albamu ya Among the Living ya 1987, na ambaye bendi yake hutajwa pamoja na Metallica, Megadeth na Slayer, hakuwa na haki ya kuondoka akiwa na miaka 32 tu. Naipinga lawama hiyo. Shabiki hununua kanda na tiketi, wala hamnunui mpigaji. Tena bendi haikufa: mwaka huohuo wa 1995 ilitoa albamu ya Stomp 442 bila yeye, na baadhi ya solo zikapigwa na Dimebag Darrell, mpiga gitaa wa bendi ya Pantera, ambaye sidhani kama yupo wa kumbeza. Wanaodai kwamba Spitz alishuka daraja nao wanieleze ni vipi, kwa kuwa kuzipanga gia na springi ndogo kuliko punje ya mchele kunadai vidole na subira alivyokwisha kuvinoa kwenye nyuzi.

Mchangiaji: Mheshimiwa, haki ya kuondoka siipingi, ila umeliruka suala la kurudi. Mwaka 2005 Spitz alirejea Anthrax kwa ziara ya wanamuziki wa zamani, na Rob Caggiano, aliyekuwa akipiga gitaa la solo katika bendi hiyo, akawekwa kando. Pia si lazima kuacha kimoja ili kushika kingine: Bruce Dickinson, mwimbaji wa Iron Maiden, alikuwa rubani wa ndege za abiria huku akiimba, na mwaka 2008 aliiendesha mwenyewe Boeing 757 iliyoibeba bendi yake ziarani.

Mleta hoja: Dickinson alikuwa na bendi iliyoweza kupanga ziara zake kwa kuzingatia kazi yake ya urubani, jambo ambalo wanamuziki wengi hawalipati. Kuhusu Caggiano, nakubali kwamba alionewa. Lakini uamuzi ulikuwa wa bendi, na fundi saa aliyeitwa akaitika si wa kubebeshwa mzigo huo peke yake.