Mama hatoki ndani tangu tufike Marekani

KijanaLouisville: Jamani naombeni ushauri, tumetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tukaletwa huku Kentucky, mi napiga kazi usiku, wadogo zangu washakuwa kizungu tupu, mama anashinda chumbani tu, halali, chakula hataki, moyo unamwenda mbio. Daktari kapima anasema mzima.

MamaFuraha: Pole mwanangu. Kule alikuwa na majirani na kwaya, huku kila mtu kajifungia. Mtafutie kanisa la Wakongo wenzetu.

Bin_Uvira: Kanisa sawa ila mrudishe na kwa daktari, vita havitoki kichwani kwa kupanda ndege. Aseme wazi habari za usingizi na ndoto mbaya, na mdai mkalimani hospitali, ni haki yake na ni bure, usimtafsirie wewe maana kuna mambo mama hawezi kusema mbele ya mwanawe.

KijanaLouisville: Akikataa je? Anasema hao madaktari wa vichaa 😩

MamaFuraha: We mwambie ni mtu wa kuongea naye usingizi urudi, basi. Na lile deni la tiketi za ndege za IOM, shirika la uhamiaji lililotukopesha nauli, msimsomee barua kila mwezi, ombeni mpunguziwe rejesho.